Ondoeni Mfuko Kwanza

Marahaba, marahaba. Kaeni. Wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo, mimi siumi.

Nimeombwa nizungumzie muunganiko wa nyuklia, yaani viini vidogo vya atomi kuungana na kutoa nishati, na swali mlilokuja nalo nalijua: umeme wake utafika lini Mwanza? Sijibu. Kila nikisimama naulizwa hilo, nami kila mara nawarudisha kwenye lile linalorukwa: moto wenyewe ukiwaka, mtajuaje kwamba umewaka? Humo ndani joto linapita nyuzi milioni 100. Hakuna kipimajoto cha kuchomeka. Unakaa nje, unasoma kinachotoka, na kimojawapo ni mionzi ya gama, mwanga usioonekana wenye nguvu nyingi.

Walionisikia zamani wanajua sasa inakuja habari ya mfuko. Nivumilieni.

Nilikuwa mwanafunzi. Tukapewa kigunduzi cha gama, fuwele ya iodidi ya sodiamu yenye ukubwa wa kopo la maziwa, pamoja na mfuko wa rambo wenye udongo. Tupime. Tukauweka mfuko juu ya fuwele tukasubiri. Kwenye kioo nukta zikapanda, moja moja, saa nzima, mpaka kikasimama kilele kizuri penye elektrovolti milioni 1.46 (elektrovolti ni kipimo cha nishati). Potasiamu! Tukapeana mikono. Mwenzetu mmoja akaanza kabisa kuandika kichwa cha ripoti. Mwalimu akaingia, hakusema neno, akaubeba mfuko akautua nje ya mlango, akafuta kioo. "Pimeni tena." Saa nyingine ikapita. Kilele kile kile, pale pale, kimo karibu kile kile.

Kilitoka wapi? Tazameni dirishani. Mawe haya mnayoyapanda kupiga picha, haya yaliyobeba nyumba za Bugarika na Igogo, ni graniti. Graniti ina potasiamu, na sehemu ndogo ya hiyo, potasiamu-40, hutoa gama usiku na mchana. Imo kwenye kuta, sakafuni, kwenye kokoto. Mfuko wetu ulikuwa unanong'ona tu. Aliyekuwa akipaza sauti ni mji wa Mwanza. Na wewe unayemtazama mwenzako kwa hofu, tulia, kiasi ni kidogo.

Sasa nendeni Culham, Uingereza, kwenye mashine ya muunganiko iitwayo JET, iliyofanya kazi mpaka Desemba 2023. Deuteriamu na tritiamu, aina mbili za haidrojeni nzito, zikiungana, inatoka heliamu na nyutroni, chembe isiyo na chaji, ya elektrovolti milioni 14.1. Na gama? Katika miunganiko laki moja, michache tu, haifiki kumi, ndiyo hutoa gama ya karibu milioni 17. Wakati huo nyutroni zinagonga chuma, zege, nati, na kila kilichogongwa kinaweza kutoa gama zake. Unamtafuta mtu mmoja anayenong'ona katikati ya Mwaloni asubuhi, dagaa wanaposhushwa! Ndiyo maana mbele ya kigunduzi huwekwa kinga ya hidridi ya lithiamu: nyutroni zinapungua, gama nyingi zinapita.

Mtu ataniambia, "Mwalimu, si wahesabu hizo nyutroni tu, maana ndizo nyingi?" Wanazihesabu, kaka. Lakini kuna moto unaowashwa kwa leza, kama ule wa maabara ya Livermore, Marekani, wa tarehe 5 Desemba 2022: leza ilipeleka megajuli 2.05 za nishati, zikatoka 3.15. Moto ule huwaka kwa muda usiofika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mechi ikiisha Kirumba, mashabiki wakatembea kwenda Buzuruga, wa kwanza anafika na wa mwisho yuko njiani anakula mahindi. Wewe uliyekaa Buzuruga huwezi kujua geti lilifunguliwa dakika ngapi. Nyutroni ndivyo zilivyo: mwendo wake ni karibu sehemu moja ya sita ya ule wa mwanga, na hazilingani, zinatawanyika njiani. Gama zote zina mwendo mmoja. Zinafika kwa mpangilio ule ule zilivyotokea.

Na huko Livermore, kuzinasa gama hizo, hutumia gesi. Gama inagonga bamba, elektroni zinachomoka, zinaupita mwanga kwa kasi ndani ya gesi ile (ndani ya gesi, nimesema, msije mkanizulia), na hapo unazaliwa mwanga wa Cherenkov. Ukipunguza mgandamizo wa gesi, ni kama umekuza matundu ya nyavu: dagaa wanapita, anabaki sangara. Hivyo gama ndogo ndogo za kelele hazionekani kabisa. Hiki kifaa nakipenda, ningewachorea, lakini chaki yenyewe ndiyo hii.

Nilitaka pia niwaeleze beriliamu ya JET, ile metali nyepesi, jinsi heliamu yenye kasi inavyoigonga ikawa kaboni na kutoa gama ya milioni 4.44, ambayo inakuambia heliamu ile bado imo ndani inapasha moto. Naona naoneshwa saa. Haya.

Maswali. Wewe, mwenye shati la bluu... Umeme utafika lini? Kaa chini, mwanangu. Mwingine.