Ratiba ya Treni na Penseli ya Mzee

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Niko Kigoma, reli inapoishia, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza treni ni nini. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa ziwani 1914, zaidi ya kilomita 1,200. Safari ndefu namna hiyo mtu hatosheki na saa ya kuondoka. Anataka kujua stesheni ya Nguruka ataipita usiku au mchana.

Ratiba za kuchapwa zinakufa, na si kwetu tu. George Bradshaw alitoa kitabu chake cha kwanza cha ratiba Uingereza mwaka 1839, kilikoma 1961. Wajerumani, hao hao waliotandika reli yetu, waliacha kuchapa chao kikubwa 2008. Cha kampuni ya safari ya Thomas Cook kikafuata 2013, ingawa waliokuwa wakikihariri walikifufua mwaka uliofuata kwa jina jingine. Wajapani, na simu zao zote zile, bado wanachapa.

Sababu mnazijua. Kuchapa ni ghali, na treni ikibadilishiwa saa, karatasi haijui. Simu inajua. Hapo sibishani.

Ninachobishia ni hiki: simu hukujibu ulichouliza, basi. Chukua mtu wa Kigoma anayekwenda Mpanda. Anaandika Kigoma, anaandika Tabora, kwa sababu amesikia treni ya Mpanda hutokea Tabora. Anapata jibu, analipa, anakwenda. Angeshusha kidole kwenye jedwali, stesheni moja baada ya nyingine, angeikuta Kaliua kabla ya Tabora, na angeona kwamba njia ya Mpanda inachepukia hapo hapo Kaliua. Anapita panapomhusu amelala, halafu kesho anarudishwa alikotoka, kwa nauli yake mwenyewe! Simu haikumdanganya. Hakuiuliza habari za Kaliua, nayo haikusema.

Halafu kuna saa zetu. Mpwa wangu aliona kwenye simu 03:00, akaja stesheni saa tatu asubuhi, amechana nywele, na kidumu cha mawese mkononi. Treni ilikuwa imeondoka saa tisa usiku. (Mawese tulikaangia maharage.) Mtaniambia karatasi nayo iliandika 03:00. Kweli. Lakini kwenye ratiba ya ukutani palikuwa na penseli ya mtu aliyetangulia kusoma: "saa 9 usiku, njoo mapema". Kwenye kioo cha simu utaandika wapi?

Sidai turudishe vitabu. Naomba karatasi moja tu ibandikwe stesheni, na penseli ifungwe kwa kamba.

Nani hapa bado ana ratiba ya zamani nyumbani? Naona mzee kule nyuma ameinua mkono. Unayo hapa hapa? Mpisheni. Njoo nayo mbele, mzee wangu, tusome ulichoandika pembeni.