Joto la Chumba la Vitabuni Si la Mombasa: Kuzalisha Protini kwa Bakteria Bila Kuiharibu

Assalamu aleikum, karibuni tena. Leo tuko maabarani, na huo mvumo mnaousikia nyuma yangu ni eya kondishna. Nivumilieni tu, kuizima siwezi, na sababu yake ndiyo video yenyewe.

Kwanza tazameni mirija hii miwili. Ndani yake mna bakteria waliobeba jeni moja na kulishwa chakula kimoja. Nazima taa ya chumba, nawasha hii taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, wenye maduka mnaijua. Msiitazame moja kwa moja, inaumiza macho. Haya. Mrija wa kulia unawaka kijani kama jicho la paka chini ya meza. Wa kushoto hauna habari.

Huo wa kushoto niliuharibu mimi, mwezi wa Februari. Nilifuata maelekezo ya kitabu neno kwa neno: ukishaiamsha jeni, acha chupa kwenye joto la chumba usiku kucha. Chumba cha aliyeandika kitabu kile nadhani kina digrii 22. Changu, kaskazi imekolea na umeme umekatika saa tatu usiku, kilikuwa na digrii 31. Asubuhi nikavuna bakteria wengi mno, wanono, na protini ndani yao imeganda madonge meupe yasiyo na kazi.

Protini tunayoitengeneza inaitwa GFP, yaani protini inayong'aa kijani. Asili yake ni konyeza, wengine humwita yavuyavu, wa aina ya Aequorea victoria, anayeishi kwenye maji ya baridi upande wa kaskazini wa Pasifiki. Osamu Shimomura ndiye aliyeitenga na kuieleza mwaka 1962, na mwaka 2008 yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien wakapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa ajili yake. Siku hizi yako matoleo yaliyorekebishwa ambayo hayasumbuliwi sana na joto. Mimi natumia la asili makusudi, kwa sababu linadeka, na kinachodeka hufundisha.

Protini hutoka kiwandani mwake, ndani ya seli, ikiwa mnyororo mrefu, kisha lazima ijikunje vizuri ndipo ifanye kazi. Mfikirie bibi anayesuka ukili. Mpe miyaa kidogo kidogo, ukili utatoka umenyooka. Mrundikie mzigo mzima na umhimize, ataishia na msokoto usiofaa hata kwa jamvi. Bakteria kwenye joto kali hutoa minyororo haraka kuliko inavyoweza kujikunja, na isiyojikunja hunatana. Basi kazi yetu leo ni kuwakuza haraka, kisha kuwapunguza mwendo.

Tuanze na chakula. Kwa lita moja ya maji napima gramu 10 za triptoni (protini iliyomeng'enywa vipande vidogo), gramu 5 za dondoo ya hamira na gramu 10 za chumvi. Kamera isogee hapa kidogo. Mnaona unga huu wa dondoo ya hamira ulivyoshika kijiko? Nimefungua kopo dakika mbili tu. Hewa yetu ya pwani ina maji mengi na unga huu unayafyonza. Acha kifuniko wazi ukapokee simu, ukirudi utakuta gundi, na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo kwa sababu unapima maji. Kwa hiyo pima huu kwanza, haraka, funga kopo, ndipo uende kwa vingine. Kisha chemsha kwenye otoklevu, ile sufuria ya mvuke wa shinikizo ya kuua vijidudu, digrii 121 kwa dakika 20.

Chakula kikipoa kiasi kwamba unaweza kuishika chupa kiganjani bila kuiachia, tia dawa ya kanamaisini, maikrogramu 50 kwa kila mililita. Dawa hii huwaua bakteria wote wasiobeba plasmidi yetu, kile kiduara cha DNA chenye jeni yetu na kinga ya dawa hii.

Bakteria wenyewe ni E. coli aina ya BL21(DE3), wa maabara. Jioni, chota koloni moja tu, yaani kidoti kimoja cha bakteria, kwenye sahani, itie ndani ya mililita 10 za chakula, itikiswe usiku kucha kwa digrii 37. Hapo joto ni rafiki.

Asubuhi, saa mbili hivi, chukua mililita 2 za huo mchuzi mzito uzitie kwenye mililita 200 za chakula kipya. Na chupa? Ya lita moja! Najua inaonekana kama kupika kikombe cha wali kwenye sufuria ya harusi. Hiyo nafasi tupu ni ya hewa. Bakteria wanapumua, na maji yakipata moto hushika oksijeni kidogo zaidi: maji safi ya digrii 25 hushika takriban miligramu 8.3 kwa lita, ya digrii 37 hushika 6.7 hivi. Ukijaza chupa hadi shingoni, utawanyima pumzi wakati wanapoihitaji zaidi. Tikisa kwa mizunguko 200 kwa dakika, na usizibe mdomo kwa kifuniko cha kukaza. Karatasi ya foili iliyolegezwa yatosha.

Sasa tunapima wingu, yaani ukungu wa bakteria ndani ya chakula. Kila nusu saa natoa mililita moja, naiweka kwenye mashine ya kupima mwanga wa nanomita 600. Kumbuka kuisawazisha mashine kwanza kwa chakula kitupu. Chakula kina rangi ya chai ya rangi, na usipokiondoa kwenye hesabu utadhani ni bakteria. Hawa hujigawa kila dakika 20 wakistarehe, kwa hiyo kipimo cha mashine kutoka 0.2 kwenda 0.8 ni dakika 40 tu. Usiende kunywa chai wakati huo. Tunataka 0.6.

Tumefika, saa nne na nusu. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapokosea, mimi nikiwa wa kwanza.

Usiamshe jeni sasa. Poza kwanza. Naitumbukiza chupa kwenye beseni la maji na barafu, naizungusha kwa mkono, dakika kama 10, mpaka kipimajoto kisome 20. Ndipo natia IPTG, ile kemikali inayofungua mlango wa jeni. Nataka milimola 0.2 kwa lita. Akiba yangu ni ya mola 1, kwa hiyo ni maikrolita 40 tu kwa chupa nzima. Tone moja dogo hilo. Hata wingi wa IPTG ni mwendo: ukiongeza, unamrundikia bibi miyaa.

Halafu chupa inarudi kutikiswa kwa digrii 20 hadi kesho asubuhi. Swali ni: digrii 20 Mombasa utaipata wapi? Mashine nyingi za kutikisa za bei nafuu zina hita tu, hazina cha kupozea. Unaiandikia 20, yenyewe inakusomea 30 na kukutazama. Suluhisho langu ni hili hapa.

Ndiyo, ni friji ya soda, ya mlango wa kioo. Ndani yake nimeweka mashine ndogo ya kutikisa, na waya umepita kwenye mpira wa mlango. Fundi alinibadilishia kidhibiti joto, akafunga cha tarakimu. Nilipomwambia aweke 20, aliniangalia akasema, "Dada, friji ya digrii 20 ni kabati." Akaifunga hata hivyo, na kabati hili limenizalishia protini kuliko vifaa vingine vyote humu. Angalia tu mambo mawili. Mota ya mashine ya kutikisa hutoa joto lake, kwa hiyo kipimajoto kiwe karibu na chupa, si ukutani. Na mvuke huganda kwenye kioo ukashuka matone, basi nyanyua soketi, isikae sakafuni mwa friji.

Umeme ukikatika? Nina betri na inveta, ila haiwezi kubeba kila kitu, na hapo lazima uchague. Watu wengi huchagua friji. Mimi huchagua mota. Friji ikifungwa mlango hukaa na ubaridi wake kwa muda wa kutosha kupitisha mgao wa kawaida, lakini chupa ikisimama dakika chache tu bakteria wameshamaliza oksijeni yao. Na GFP yenyewe huhitaji oksijeni ili rangi yake ikomae. Protini inaweza kuwa imejikunja sawasawa na isiwake kwa kukosa hewa.

Wanaofanya kazi hii kwenye matangi ya viwandani wana shida hiyohiyo, ila kubwa zaidi. Bakteria wakila hutoa joto, na tangi likiwa kubwa, ukuta wake unakuwa mdogo ukilinganisha na ujazo, joto halina pa kutokea. Vitabu vinasema zungusha maji baridi ya mfereji. Fungua mfereji wa hapa saa nane mchana uone: maji ya kumwogeshea mtoto. Mwenye kutaka tangi Mombasa anunue mtambo wa kupozea maji kabla hajanunua tangi.

Asubuhi imefika. Kuvuna ni rahisi: sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi, nguvu ya 5,000 g (mara 5,000 ya uvutano wa dunia), dakika 15, digrii 4. Mwaga maji ya juu kwenye chombo chenye dawa ya klorini, usimwage kwenye sinki. Hawa ni viumbe waliobadilishwa jeni, na Kenya ina sheria ya usalama wa kibayolojia tangu 2009. Kazi hii hufanywa kwenye maabara yenye kibali, si jikoni.

Mashapo, yaani bakteria waliotuama chini, yachanganye na bafa ya fosfati yenye chumvi (maji yanayodumisha pH), pH 8, utie lisozimi, kimeng'enya cha kudhoofisha kuta zao, barafuni nusu saa. Kisha yapasue kwa mawimbi ya sauti: sekunde 10, pumzika 30, mara sita, chombo kikiwa barafuni muda wote. Ukisikia harufu ya yai la kuchemsha, umeshapika. Rudisha kwenye sentrifuji, safari hii 15,000 g kwa nusu saa. Sasa angalia rangi iko wapi. Ikiwa maji ya juu ni ya kijani, protini imeyeyuka na ni nzima. Ikiwa maji ni meupe na chini kuna kitu kama chokaa, ni ile Februari yangu.

Mwisho ni safu ya nikeli, yaani mrija uliojazwa chembe zenye nikeli. Protini yetu ina mkia wa histidini sita (histidini ni mojawapo ya asidi amino), na huo mkia hung'ang'ania nikeli. Pitisha maji ya kijani polepole, osha kwa imidazoli, kemikali inayounyang'anya mkia nafasi kwenye nikeli, ya milimola 20 ili wapitanjia, yaani protini nyingine, watoke, kisha ing'oe protini kwa milimola 250. Kusanya mililita moja moja. Maji yenye nikeli yawekwe kando kwenye chupa yake. Kesho nitayapitisha matone haya kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa. Natarajia mstari mmoja mnene kwenye kilodaltoni 27 hivi, kipimo cha uzito wa protini.

Ila leo tusisubiri jeli. Mirija hii hapa, wa kwanza mpaka wa sita. Dadangu, zima taa ya chumba. Wa kwanza, hamna. Wa pili, kidogo. Wa tatu… sogeza kamera, sogeza.