William Shakespeare na Waigizaji Wawili Waliookoa Maneno Yake

Mabibi na mabwana,

Tunapomzungumzia William Shakespeare, kwa kawaida tunaanza na umaarufu wake, kana kwamba maneno yake yalikuwa na hakika ya kudumu tangu siku alipoyaandika. Leo naomba tuanze na hatari iliyoyakabili, maana karibu nusu ya tamthilia zake zingeweza kupotea kabisa.

Maisha yake nitayapitia kwa haraka. Alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 mjini Stratford-upon-Avon, akiwa mwana wa fundi wa glavu. Alimwoa Anne Hathaway mwaka 1582, wakajaliwa watoto watatu, na mwanawe wa pekee wa kiume, Hamnet, akafariki mwaka 1596 akiwa na umri wa miaka 11. Huko London alikuwa mwigizaji, mtunzi na mwenye hisa katika kampuni ya maigizo iliyojenga ukumbi wa Globe mwaka 1599. Alifia Stratford tarehe 23 Aprili 1616.

Hapo ndipo ninapotaka tutue. Siku hizo tamthilia ilikuwa mali ya kampuni iliyoiigiza, na Shakespeare, ingawa alisimamia uchapishaji wa mashairi yake marefu mawili, hakuacha dalili ya kujishughulisha vivyo hivyo na tamthilia zake. Baadhi zilikuwa zimetoka katika vijitabu vya bei nafuu, vingine vikiwa na makosa ya kusikitisha. Nyingine, zikiwemo Macbeth, The Tempest na Julius Caesar, zilikuwa bado hati za mkono, na hati za mkono huliwa na moto, unyevu na panya. Ukumbi wa Globe wenyewe ulikuwa umeteketea mwaka 1613.

Waliobeba jukumu la kuziokoa tamthilia hizo ni waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, ambao aliwakumbuka katika wosia wake kwa kuwaachia fedha za kununulia pete. Mwaka 1623 walitoa kitabu kikubwa chenye tamthilia 36, na nusu yake, yaani 18, hazikuwa zimewahi kuchapishwa. Katika kurasa za mwanzo walieleza kwamba hawakutafuta faida wala sifa, bali walitaka kuiweka hai kumbukumbu ya rafiki na mwenzao. Mimi nawaamini.

Fikirieni walichookoa. Katika Julius Caesar, Antony anasimama mbele ya maiti ya rafiki yake Caesar na kuwaambia Warumi kwamba mabaya wayatendayo watu huishi baada yao, ilhali mema mara nyingi huzikwa pamoja na mifupa yao. Kisha anamwita Brutus, mmoja wa waliomwua Caesar, mtu mwenye heshima, anarudia, anarudia tena, hadi umati uliotoka kumshangilia Brutus unaondoka ukitafuta nyumba yake uichome. Sijui hotuba nyingine ya jukwaani inayoonyesha waziwazi kiasi hicho jinsi sifa inavyoweza kugeuzwa kuwa shtaka.

Tamthilia hiyo ndiyo Mwalimu Julius Nyerere, akiwa tayari Rais wa Tanganyika, aliyoitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kabla ya kitabu cha Heminges na Condell, haikuwa imechapishwa popote.