Boti Nchi Kavu, Sumu Chini Yake

MWANAISHA: Karibuni tena. Leo tuko Amsterdam, upande wa kaskazini, kwenye kiwanja kiitwacho De Ceuvel. Kaka Baraka, nikisikia watu wamefungua ofisi na mkahawa juu ya udongo wenye sumu, mimi nashtuka.

BARAKA: Una haki. Pale palikuwa na kiwanda cha meli. Kilipofungwa, udongo ulibaki na uchafu wake, metali nzito zikiwemo. Kuuchimba na kuuzoa ni gharama kubwa, basi kiwanja kikalala. Mwaka 2012 kundi la wasanifu majengo likashinda zabuni ya jiji ya kukitumia miaka 10.

MWANAISHA: Na kuchimba msingi huwezi.

BARAKA: Msingi wala bomba la maji taka! Ndipo wakatafuta boti kuukuu za kuishi, zile ambazo wenyewe walishazichoka. Wakazipandisha nchi kavu, wakazikarabati, zikawa ofisi na karakana za wasanii. Boti ina sakafu yake na kuta zake. Unaiweka tu.

MWANAISHA: Choo je?

BARAKA: Nilijua utauliza! Vyoo vya mboji, vinavyogeuza kinyesi kuwa mbolea bila bomba.

MWANAISHA: Haya. Na watu wanapita wapi?

BARAKA: Kuna njia ya mbao iliyoinuliwa, inajipinda toka boti hadi boti. Kandokando yake imepandwa mimea ya kufyonza sumu au kuishikilia isisambae. Usichume mboga hapo, dada.

MWANAISHA: Lakini miaka 10 inatosha?

BARAKA: Nina mashaka. Mizizi haina haraka, na metali haiozi. Ikipanda kwenye majani, lazima uyavune uyapeleke mahali salama. Anayekwambia mimea itamaliza kila kitu anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

MWANAISHA: Mimi mawazo yamenirudisha Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu, kilichochafua mtaa, kimefungwa, lakini watu wako palepale. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mtu akija huko na boti zake?

BARAKA: Tumfukuze! De Ceuvel palikuwa patupu. Owino Uhuru watoto wanacheza kwenye udongo ule. Huko unaanza na kupima damu za watu na kuondoa udongo, mkahawa baadaye sana.

MWANAISHA: Turudi Amsterdam. Walifungua 2014, na tangu hapo maghorofa yameota mtaa mzima. Yaani wasanii wapachangamshe mahali, kisha waambiwe wabebe boti zao?

BARAKA: Matumizi ya muda ndivyo yalivyo. Boti zinahamishika, na hilo lilikuwa sehemu ya mpango.

MWANAISHA: Mimi ningedai mapema iandikwe: mkataba ukiisha, kipande cha kiwanja kibaki kwao kwa kodi wanayoimudu.

BARAKA: Na jiji likubali?

MWANAISHA: Wakati ule hakuna mwingine anayekitaka? Lingekubali. Ukingoja ghorofa la jirani liishe, hupati hata nafasi ya kuegesha baiskeli.