Chagua Ua, Mdudu Atakuja: Mhadhara wa Kupiga Picha Bustanini, Mombasa

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi kwenu nyote. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana, mliokuja na kamera shingoni na mliokuja na simu tu mfukoni, ahsanteni kwa kuitikia.

Nina jambo moja nitakaloshikilia mpaka mwisho: ukitaka picha ya mdudu, usimfuate mdudu. Anayekimbizana na kipepeo bustanini hurudi na picha za kipepeo akiondoka. Chagua ua, ukae nalo. Tazama mwanga unaingilia wapi. Tazama nyuma yake kuna nini. Kama ni kamba ya nguo au bomba la maji, sogea wewe mpaka nyuma pabaki kijani kitupu. Kisha subiri. Mdudu ana njaa na ua lina chakula, kwa hivyo atakuja, na akija atakukuta umeshajipanga.

Swali basi ni ua gani. Najua wengi mnafikiria waridi. Waridi za dukani zenye petali nyingi zilizofungamana zinapendeza sana, lakini mdudu hupata taabu kuifikia chavua ndani yake. Mimi ningeanza na mrehani. Hapa kwetu mrehani haukosekani nyumbani, ila tunaukata kwa ajili ya vikuba kabla haujatoa maua yake yote. Acheni shina moja au mawili yachanue. Debe moja la mrehani kwenye roshani ya Mji wa Kale hukuletea nyuki wa asali, nzi waliojivika mistari ya nyuki ili waogopwe, na yule nyuki mnene, mwepesi, mwenye mistari ya buluu mpauko tumboni. Huyo haishi kwenye mzinga. Kila jike ana kiota chake. Madume yake yana tabia ambayo mpiga picha hana budi kuijua: jua likizama hung'ata kijiti kikavu kwa taya, wakajipanga kwenye kijiti hichohicho na kulala hapo mpaka asubuhi. Ukikijua kijiti chao, unaweza kuwapiga picha bila pupa, mmoja baada ya mwingine.

Baada ya mrehani ningekwenda kwenye lantana. Si mti wa kwetu, ulitoka Amerika ya kitropiki na sehemu nyingi umegeuka kero, lakini ukiwa tayari uko kwenye ua wa nyumba, utazame kwa karibu. Kichala kimoja kina viua vya manjano katikati na vya rangi ya chungwa au nyekundu pembeni. Vya manjano ndivyo vichanga, na ndivyo vyenye nekta, yale maji matamu ya ua. Kikikua au kikishachavushwa, hugeuka rangi. Vipepeo wanalijua hilo, huipeleka mirija yao kwenye manjano. Basi na wewe weka fokasi yako kwenye manjano kabla kipepeo hajatua.

Bogenvilia nayo, iliyotanda kwenye kuta za Nyali na Kizingo, inastahili jicho la karibu. Ile rangi ya zambarau au nyekundu tunayoisifu ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile vijirija vidogo vyeupe katikati, na ndivyo vya kufokasi. Haibiskasi nyekundu nitaisemea kwa ufupi: usiketi hapo ukisubiri nyuki kwa wingi. Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba nyuki wanaona rangi, lakini wekundu wetu kwao ni kama giza. Badala yake wanaona miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni, na maua mengi yana alama za urujuanimno zinazoelekeza kwenye nekta. Kwenye haibiskasi nyekundu subiri ndege chozi, na uwe na lenzi ndefu.

Sasa saa ya kupiga. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Watakwambia uamke alfajiri kwa sababu mdudu atakuwa ameganda kwa baridi, hawezi kuruka. Hapa Mombasa, hata mwezi wa Julai, alfajiri ni nyuzi 20 hivi za Selsiasi, na nyuki wanatoka mapema. Amka mapema, ndiyo, lakini kwa sababu nyingine: upepo. Kusi likishika, kuanzia Aprili na kuendelea, shina la mrehani halitulii mchana kutwa. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi hewa huwa imetulia kidogo, na jua bado liko chini. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Mwezi Machi, na tena Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini kabisa. Petali zinaungua kwa weupe, tumbo la nyuki linakuwa jeusi tititi. Saa hizo kaa kivulini.

Hapa ndipo penye ugumu wa kazi yenyewe, na naomba tupakalie kidogo. Ukipiga kwa ukubwa halisi, yaani mdudu wa sentimita moja anachukua sentimita moja kwenye sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na tundu la lenzi ni f/8 (namba hiyo ikipanda, tundu hupungua), sehemu itakayotoka kali kwenye sensa kubwa ni kama milimita moja. Milimita moja! Jicho likiwa kali, mguu wa nyuma umeshafifia. Wengi hukimbilia kulibana tundu mpaka f/22 au f/32, na picha nzima inalegea, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika. Bakini kati ya f/8 na f/13, na badala ya kubana tundu, geuzeni kamera. Kipepeo akiwa amefunga mabawa, simama ubavuni mwake ili lenzi itazamane sawasawa na bawa. Milimita yako moja itamtosha mzima. Nyuki akikuelekea, shika macho yake, mengine yaache yafifie. Picha yenye jicho kali tunaisamehe mengi.

Wa simu, msijione wanyonge. Sensa ndogo ya simu inakupa kina kikubwa zaidi cha fokasi, yaani sehemu kubwa zaidi hutoka kali, na lenzi ya kubandika inatosha kuanzia. Shida yenu ni kwamba mnalazimika kusogea karibu sana, kwa hivyo sogeeni polepole, na kivuli chenu kisipite juu ya ua.

Mabawa ya nyuki wa asali hupiga mara 230 hivi kwa sekunde. Kasi ya kawaida ya shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, haiyagandishi. Flashi iliyopunguzwa nguvu huwaka kwa muda mfupi mno, chini hata ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na ndiyo inayoyasimamisha. Lakini iwekeni karatasi nyeupe mbele yake, karibu na ua, mwanga ulainike.

Wenye bustani ya mboga wana hazina. Simama kwenye biringanya lenye maua na utege sikio. Chavua yake imefungwa ndani ya vifuko vyenye vitundu nchani, na nyuki wa asali hana ujuzi wa kuitoa. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti zetu anao. Hulikumbatia ua, hutuliza mabawa, kisha hutetemesha misuli ya kifua, na chavua inamwagika. Sauti hupanda ghafla, ikawa nyembamba. Ukiisikia, bonyeza, maana kwa muda huo mfupi ametulia juu ya ua. Tafadhali msimwue kwa sababu ya boriti. Mwekeeni gogo kavu pembeni.

Ukimwona kipepeo juu ya ua hatikisiki hata ukisogea, angalia chini yake. Mara nyingi kuna buibui wa rangi ya ua lilelile amemkamata. Picha hiyo piga, usimwokoe mtu.

Na yule kipepeo wa rangi ya chungwa anayezagaa kila bustani hapa, mpige kwa karibu bawa la nyuma. Mwenye madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa ni Danaus chrysippus, ambaye ana sumu na ndege humwepuka. Mwenye doa moja ukingoni mwa mbele ni jike la Hypolimnas misippus, asiye na sumu, aliyeiga sura ya mwenzake. Kwa macho, akiruka, ni vigumu kuwatofautisha. Picha ya karibu ndiyo inayoamua.

Nina ombi, na nalisema kwa moyo wote. Kuna wanaomtia mdudu kwenye friji ili apoe, wampige picha akiwa hoi. Msifanye hivyo. Na msinyunyizie dawa mimea iliyochanua; ukilazimika, iwe jioni nyuki wameshaondoka. Yule kiwavi wa mdimu, akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, baadaye anakuwa wa kijani na ukimgusa hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Ndiye atakayekuwa kipepeo mkubwa mweusi na manjano mnayemtamani. Mwachieni majani machache.

Asiye na bustani aende Haller Park kule Bamburi. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu. Upandaji ulianza mwaka 1971 kwa mivinje, na jongoo waliokula majani yake makavu wakasaidia kutengeneza udongo. Na mwenye asumini nyumbani asifunge kamera jua likitua: ua jeupe linalonukia usiku linaita nondo.

Mwisho ni vyombo. Ukitoka chumba chenye eyasi, lenzi hushika ukungu papo hapo. Iache nje kwanza kwa nusu saa, ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Usiku ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, maana hewa yetu ya bahari huotesha kuvu ndani ya kioo. Na kila picha iandikie tarehe, mtaa na jina la mmea. Mtafiti wa wadudu anaweza kuitumia picha yenye maelezo hayo matatu, hata kama imepigwa kwa simu.

Maswali tutayachukua tukiwa nje. Kuna vichaka viwili vya lantana karibu na lango, na upepo bado haujaanza.