Kupaka Nyuzi za Retikulini kwa Fedha

Ndugu mtazamaji, karibu maabarani, hapa Kisumu. Kipande cha ini unachokiona kimekatwa kwa unene wa maikroni 4, kimeondolewa nta kwa zailini na alkoholi, na sasa kimo majini. Tutafuata njia ya Gordon na Sweets ya mwaka 1936 ili tuzione nyuzi za retikulini, yaani nyuzi nyembamba zinazoshikilia seli mahali pake, ambazo rangi ya kila siku ya hematoksilini na eosini haizidhihirishi.

Tuanze na mmumunyo wa fedha, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mimina mililita 5 za nitreti ya fedha ya asilimia 10 katika chupa iliyooshwa kwa asidi, kisha dondosha amonia kali tone baada ya tone huku ukiitikisa, hadi mashapo ya kahawia yatokee na kuyeyuka. Ongeza mililita 5 za haidroksaidi ya sodiamu ya asilimia 3. Mashapo yatarudi, nawe urudie amonia. Tazama kwa makini: ukibaki ukungu hafifu tu, weka pipeti chini, maana amonia ikizidi nyuzi hufifia. Jaza maji yaliyokenekwa hadi mililita 50. Maji ya bomba hayafai, kwani kloridi iliyomo huifanya fedha iwe nyeupe kama maziwa. Kibanio cha chuma nacho kiweke mbali.

Sasa slaidi iingie katika pamanganeti ya potasiamu yenye asidi kwa dakika 5, katika asidi ya oksaliki hadi ipauke, na katika alamu ya chuma kwa dakika 15, ukisuuza kila mara. Baada ya alamu, suuza mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa. Ichovye katika fedha hadi kipande kiwe angavu, yapata dakika 1. Mchana wa joto letu, mimi huanza kuchungulia mapema. Suuza upesi, uipeleke katika fomalini ya asilimia 10, na kipande kitakuwa cheusi papo hapo. Kloridi ya dhahabu itaondoa umanjano, na thaiosalfeti ya sodiamu itaondoa fedha iliyobaki.

Chini ya hadubini, nyuzi nyeusi huzunguka safu za seli za ini kama wavu wa omena. Wavu huo ukikatikakatika au ukitoweka, mwite daktari wa patholojia, kwani saratani ya ini huweza kuonekana hivyo.

Mmumunyo uliosalia usiulaze hadi kesho, kwa sababu ukikauka huweza kulipuka. Utie maji ya chumvi kabla hujavua glavu, kisha uumwage katika chombo cha taka za kemikali.