Funguo za Forodha: Jinsi Mataifa ya Kigeni Yalivyoishika China

Mabibi na mabwana,

Mnamo Septemba 1853 waasi waliuteka mji wa Kichina wa Shanghai, na afisa wa mfalme aliyesimamia forodha akaikimbia ofisi yake. Meli za kigeni ziliendelea kuingia na kutoka zikiwa zimesheheni chai na hariri, lakini hapakuwa na wa kupokea ushuru. Mwaka uliofuata makonseli wa Uingereza, Ufaransa na Marekani walipatana na afisa huyo kwamba kila taifa litoe mkaguzi mmoja, na watatu hao waiendeshe forodha kwa jina la serikali ya China. Nimeanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu tunapoisimulia China ya karne ya 19 tunazitaja mno manowari na kulisahau daftari la ushuru, ilhali manowari zilikuja na kuondoka, na daftari likabaki mezani kwa karibu miaka 100.

Manowari, hata hivyo, ndizo zilizofungua njia. Tangu 1757 biashara ya wageni kutoka Ulaya ilibanwa katika bandari moja tu ya kusini, Guangzhou, nao walilazimika kuuza na kununua kupitia wafanyabiashara wachache wenye kibali cha mfalme. Waingereza waliipenda chai kuliko Wachina walivyozipenda bidhaa za Uingereza, hivyo pengo lilizibwa kwa madini ya fedha, hadi kasumba iliyolimwa Bengal chini ya Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India ilipoligeuza jahazi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1830 makasha yapatayo 40,000 yalikuwa yakiingia kila mwaka kwa magendo, na sasa madini hayo ya fedha yalikuwa yakitoka China.

Machi 1839 mjumbe wa mfalme, Lin Zexu, alifika Guangzhou na kuwalazimisha wageni wasalimishe makasha zaidi ya 20,000. Kazi ya kuyaangamiza ilifanyika Humen, karibu na mdomo wa mto. Yalichimbwa mashimo makubwa yakajazwa maji na chumvi, kasumba ikakatwa vipande na kutumbukizwa humo, kisha chokaa ikamwagwa juu yake, na vibarua wakaikoroga mpaka ikayeyuka na kuachiwa itiririkie baharini. Ilichukua zaidi ya wiki tatu. Uingereza ilijibu kwa vita, na Mkataba wa Nanjing, uliotiwa saini ndani ya meli ya kivita tarehe 29 Agosti 1842, uliitoza China dola milioni 21. Katika hizo, milioni 6 zilikuwa bei ya kasumba ile ile. Naomba tulitazame jambo hili kama lilivyo: nchi iliyoiteketeza sumu katika ardhi yake yenyewe ililipishwa thamani ya sumu hiyo.

Hong Kong ilitwaliwa na bandari tano zikafunguliwa, lakini vifungu vilivyouma zaidi vilikuja katika mikataba ya 1843 na 1844. Raia wa kigeni akikosa, alihukumiwa na konseli wake; na kila upendeleo liliopewa taifa moja uliwafikia na wengine bila wao kufyatua hata risasi. Ushuru nao ukawekewa kikomo cha takriban asilimia 5. Wanaoijua historia ya Unguja wataitambua hesabu hiyo, kwani mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said uliweka kiwango hicho hicho.

Kwa China madhara yake yalikuwa ya polepole. Viwango vya 1858 viliandikwa kwa kiasi maalumu cha fedha kwa kila aina ya bidhaa. Mzigo wa taeli 100 (taeli ni kipimo cha Kichina cha uzito wa fedha) ulilipiwa taeli 5. Bei yake ilipopanda hadi 200, karani aliandika 5 zile zile, na mfalme hakuweza kuongeza bila ridhaa ya mataifa yote yaliyohusika. Bidhaa za mgeni, zikishalipiwa nusu ya ushuru huo, zilipita bara bila kutozwa tena, huku Mchina akilipa kodi kwenye kila kizuizi njiani.

Robert Hart, kijana kutoka Ireland, alifanywa Inspekta Mkuu wa forodha 1863 na akakishika cheo hicho hadi kifo chake 1911. Alikuwa mtumishi hodari, na idara yake ilijenga minara ya taa na kuanzisha posta. Sioni sababu ya kumnyima haki hiyo. Lakini ushawishi wake ulivuka mipaka ya bandari: makubaliano ya awali ya kumaliza vita na Ufaransa, Aprili 1885, yalitiwa saini Paris kwa niaba ya China na wakala wake, James Duncan Campbell.

Kisha yakaja madeni. Japani iliishinda China vitani 1895 na kudai fidia ya taeli milioni 200. China ikakopa kutoka benki za Ulaya na kuweka mapato ya forodha kuwa dhamana. Mwaka 1901, baada ya uasi wa Mabondia, Wachina waliowashambulia wageni, mataifa yalidai milioni 450 zaidi, zilipwe kwa miaka 39 pamoja na riba. Mapinduzi dhidi ya ufalme yalipozuka 1911, Inspekta Mkuu mpya, Francis Aglen, alianza kuweka makusanyo katika benki za kigeni, na serikali ya Beijing ikawa inasubiri kilichobaki baada ya wadai kulipwa. Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi aliyekuwa na serikali yake Guangzhou, alipodai fungu la mji huo katika mapato ya forodha 1923, mataifa yalimpelekea manowari.

China ilianza kutumia viwango ilivyojipangia yenyewe 1929. Hata hivyo, Wakomunisti walipotwaa nchi miaka 20 baadaye, mtu aliyekuwa na cheo cha Hart alikuwa bado mgeni, Mmarekani Lester Little.